Fenda Iliyokwenda kwa Watani

Mpaka leo sijui rangi halisi ya gari la baba yangu. Mimi nasema lilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Kaka yangu, anayeishi Dodoma na kututawala kwa simu, anaapa kwamba lilikuwa la kijivu. Mama, ambaye alilipanda kuliko sisi sote, anasema lilikuwa rangi ya vumbi la Namtumbo na tuache kumsumbua. Ni pikapu ya zamani, yenye taa za mviringo na mashavu yaliyojaa, ambayo kiwanda kiliacha kuitengeneza mimi nikiwa bado shule ya msingi. Jina la kampuni silitaji. Wapenzi wa magari ya zamani nimewajua mwaka huu, na ukiwatajia jina tu wanakuja na ubishi wao, siku nzima imekwisha.

Mimi ni fundi cherehani. Nina chumba changu cha kushonea Msamala, na maishani mwangu sikuwahi kudhani kwamba nitahangaika mji mzima kwa ajili ya fenda. Fenda ni lile bati linalofunika tairi la mbele, kutoka mlangoni hadi kwenye taa. Gari la baba lilikuwa na moja tu, ya upande wa abiria. Upande wa dereva tairi lilikaa wazi, nyaya za taa zikining'inia, kama mtu aliyetoka nje amevaa shati mkono mmoja.

Lakini shida yangu haikuwa gari. Shida yangu ilikuwa mama. Nyumba ya Ruhuwiko aliyoijenga baba ilikuwa imepasuka ukuta wa nyuma, ufa wa kuingiza vidole, kuanzia dirishani hadi chini. Fundi wa ujenzi aliutazama, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akasema mvua zikianza tusimwache mtu alale humo. Mama alilala humohumo, peke yake, kitanda kikiwa kimeegemezwa kwenye ukuta huo. Mimi nilikuwa na chumba tayari kwangu Msamala, na kitanda, na neti mpya. Nikamwambia ahamie. Akaniangalia kama nimemtukana.

"Baba yenu aliniingiza nyumba hii kwa gari lake," alisema. "Nitatoka kwa gari hilohilo, likiwa zima. Sitoki Ruhuwiko nimepakiwa kwenye bajaji kama gunia la ulezi."

Likiwa zima. Nililichukua neno hilo kama lilivyo. Fundi wa injini alikuja, akahangaika nayo, na siku moja likaunguruma na kutoa moshi uliowatoa kuku wote uani. Nikashangilia mapema. Injini, kumbe, ni jambo dogo. Vipuri vya injini vina ndugu zao kwenye magari mengine, unaweza kuazima hapa ukaunganisha pale. Bati la mwili halina ndugu. Lina mkunjo wake na kitundu chake cha boliti, na likikosea upana wa kidole tu, mlango haufunguki.

Kaka akaniingiza kwenye kundi la simu la watu wenye magari kama hilo. Nikatuma picha ya pengo. Nikapokea picha nyingi za fenda, kila moja na mtu wake anayeapa kwamba ndiyo yenyewe. Moja ilisafiri kutoka Njombe kwa basi, imefungwa blanketi kama mgonjwa. Tuliifungua kwa heshima, tukaijaribu, taa yetu haikuingia. Mtu wa Mbeya alikuwa na nyingine, lakini yake ilikuwa na kitundu cha taa ndogo ya kuonyeshea kona, akauliza kama yetu ilikuwa nacho. Hapo ndipo tulipokwama, maana fenda ya upande wa abiria ilikuwa imepigwa kiraka palepale, haikuweza kutuamulia. Kaka akasema kilikuwepo. Mimi nikasema hakikuwepo. Mzee mmoja wa kundi akapiga macho kwenye picha zangu, akatangaza kwamba pua ya gari letu ni ya mwaka mmoja na milango ni ya mwaka mwingine. Nikaanza kujiuliza kama baba alikuwa na gari moja au mawili.

Nikaenda Ruhuwiko kumuuliza mama kuhusu kitundu. Alikuwa anapeta mahindi barazani. Hakuinua kichwa.

"Kitundu sijui. Kaitazame mwenyewe."

"Nikaitazame wapi, mama?"

"Si iko kwa mtani wenu, Namtumbo."

Nikakaa chini kando ya ungo wake. Kwa sababu alipolisema nilikumbuka, na nilikuwa nimesahau kabisa, kama mtu anavyosahau siku aliyokuwa na homa.

Sisi ni Wangoni, na Wahehe ni watani wetu, na msiba wetu bila mtani haukamiliki. Baba alikuwa na mtani wake mmoja, Mhehe aliyeshukia Namtumbo ujanani kulima tumbaku akalowea huko. Siku ya mazishi alifika na kelele zake. Alimlaumu marehemu kwa kufa siku ya mnada. Alijilaza kwenye mkeka wa wafiwa akaomba uji. Kisha akaenda kwenye gari, akatoa spana kwenye sanduku la baba mwenyewe, akaanza kufungua boliti moja baada ya nyingine, watu wakimtazama. "Mngoni huyu aliniahidi lifti ya Iringa tangu hatujaota ndevu," alisema. "Leo kaondoka bila mimi. Nachukua kipande changu, mje mkikomboe." Akajitwika fenda kichwani, akaenda zake. Mimi nililia mchana kutwa siku ile, lakini hapo nilicheka, nikacheka mpaka shangazi yangu akanishika bega.

Mtani akichukua kitu msibani huwezi kumkasirikia. Unamfuata na kuku au na kidumu cha pombe, unakikomboa, basi. Kwa kawaida ni ndoo au jembe, na hurudi kabla matanga hayajaanuliwa. Mimi nilidhani kaka ameikomboa, halafu labda imeuzwa. Nilimpigia. Kaka alidhani nimeikomboa mimi. Kila mmoja akamngoja mwenzake aone aibu kwanza.

Nikapanda gari la Tunduru, nikashuka Namtumbo na jogoo mweupe kwapani. Mtani nilimkuta ameketi mbele ya bani lake, kijumba wanamokaushia tumbaku kwa moshi. Alikuwa amezeeka vizuri kuliko nilivyotaka.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba, mtumwa wangu. Nani kakufungulia?"

"Nimekuja kukomboa fenda ya baba."

"Fenda gani? Baba yako alikuwa na baiskeli."

Akaanza hivyo. Baadaye akakubali kwamba gari lilikuwepo, lakini yeye alichukua buti. Nikamwambia pikapu haina buti. Akasema ndiyo maana haina, aliichukua. Nilipomkazia macho akainama kidogo, akasema kwa sauti ya kanisani kwamba fenda imo ndani ya bani, imefunika shimo la moto, niingie nikaitoe mwenyewe. Nikaingia. Moshi ulinipiga macho, nikapapasa, nikatoka na machozi na kipande cha bati la nyumba. Hapo akakumbuka kwamba aliiuza kwa mtu wa Tunduru, anaanikia korosho. Kisha akakumbuka vizuri zaidi kwamba mkwe wake ameigeuza hori la mbuzi. Kila habari aliitoa kwa uso uleule. Katikati simu yake iliita, akainuka akasogea kwenye migomba, nikamsikia akisema, "Ndiyo, yuko hapa, nahangaika naye." Nilidhani anazungumza na huyo mkwe.

Tabu ya mtani ni hiyo. Ana ruhusa ya kukudanganya, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Na mimi hasira zangu ziko karibu, hata wateja wangu wanajua, nguo ikija kupunguzwa mara ya pili wanamtuma mtu mwingine ailete. Nilizimeza zote pale mbele ya bani. Nikamkabidhi jogoo, nikamwambia achague habari moja akae nayo.

"Jogoo huyu ni wa salamu," alisema, akimfunga miguu. "Wa kukombolea lazima afanane na gari. Rangi moja."

"Rangi ya chai ya maziwa?"

"Mimi sijui. Gari ni lenu."

Nilirudi tena na kuku wa rangi ya chai ya maziwa, niliyemtafuta Msamala yote. Akamtazama mbele na nyuma, akasema gari lilikuwa la kijivu, nimuulize kaka yangu, anajua. Kuku akabaki. Nikarudi nyumbani mikono mitupu, na kwa mara ya kwanza nikawa sina uhakika kama fenda ile ilichukuliwa kweli, au nimeiota kwa sababu ya kulia sana siku ile. Niliona aibu kumuuliza mtu.

Fundi wa kunyoosha bodi aliye mtaa wa nyuma yangu ndiye aliyenitoa kwenye mkwamo. Ni mtu mpole, anayezungumza na mabati zaidi ya watu. Alilizunguka gari la baba nililompelekea, akapapasa fenda iliyobaki kama mtu anayepapasa mgongo wa ng'ombe mnadani.

"Dada, kama pacha mmoja yupo, mwingine tutamzalisha," alisema. "Wewe si unakata mikono ya mashati? Nikatie karatasi."

Hilo nililielewa. Nilileta karatasi za kaki ninazokatia nguo, nikazilaza juu ya fenda ya upande wa abiria, nikabana penye mviringo, nikachora penye boliti, nikakata vipande vinne. Mkono wa kushoto wa shati ukiupindua unapata wa kulia, na bati ni hivyohivyo. Nikavipindua, nikaandika "kulia" juu ya kila kipande kwa chaki ya kushonea, nikaenda zangu nikijiona mhandisi.

Fundi hana mitambo. Ana nyundo za chuma, nyundo za mti, gesi ya kuchomelea, na kinu cha zamani, kikubwa, kile cha kutwangia mahindi, ambacho alikilaza ubavu na kukichongoa mdomo kwa kazi yake. Bati analiweka kwenye mdomo wa kinu, analigonga polepole kwa nyundo ya mti, linaanza kuzama na kujaa. Akinamama waliopita walimuuliza anatwanga nini. Nami nilikuwa naacha cherehani kwenda kutazama, kwa sababu katika miezi ile ndicho kitu pekee nilichokiona kikielekea mahali. Bati liliingia bapa, likatoka na bega.

Alipomaliza kuviunga vile vipande tulibeba kile kitu wawili, tukakipeleka upande wa dereva, tukakipachika. Hakikukaa. Tukakigeuza, hakikukaa. Mdomo wa taa ulitazama nyuma. Ikatuchukua muda, tumesimama na bati letu mikononi kama watu waliobeba mtoto wa wenyewe, kuelewa kwamba tumetengeneza fenda nyingine ya upande wa abiria. Gari sasa lilikuwa na pacha wawili wa upande mmoja.

Nikafoka. Nikamwonyesha maandishi yangu. "Niliandika kulia! Hujui kusoma?"

"Nilisoma," alisema. "Kulia kwa nani?"

Mafundi wa bodi husimama mbele ya gari wakilitazama usoni, na pande wanazitaja kwa mikono yao wenyewe. Kulia kwangu, niliyewaza kama mtu aliyekaa kwenye usukani, kwake kulikuwa kushoto. Aliona karatasi zimegeuzwa vibaya, akanisaidia kwa kuzipindua tena. Tangu hapo tukasema upande wa dereva na upande wa abiria, na ile ya kwanza akaiegemeza ukutani, akaanza upya bila kununa. Mimi nilinuna kwa niaba yake.

Wakati anagonga ya pili nilikwenda Ruhuwiko kumpa mama habari. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya mchana, na ufa wa ukuta sasa ulipitisha mwanga mpaka kwenye mto wake wa kulalia. Nilimweleza kuhusu karatasi na kinu. Alisikiliza kwa makini kuliko nilivyotarajia.

"Kwa hiyo mnatengeneza nyingine."

"Ndiyo, mama. Ile imeshindikana."

"Na itafanana?"

"Itafanana."

"Lakini si ile."

Nikadhani amesikitika. Nikaanza kumbembeleza, kwamba macho yake hayataona tofauti, kwamba hata sisi tumesahau ile ilivyokuwa. Akanikatiza akasema, "Haya, tengenezeni," akarudi kwenye mahindi yake. Niliondoka sielewi kama nimemfurahisha au nimemvunja moyo. Njiani nikaamua kwamba nimemvunja moyo, kwa hiyo nikampigia mtani, nikamwambia kwa ukali abaki na bati lake, sisi tumetengeneza letu, mama anahama Jumamosi, na kama ana utu atajiona alivyomtendea mjane. Ulikuwa ukali wa mtu anayetarajia kuombwa radhi. Hakutania. Aliuliza, "Ule ukuta ukoje sasa?" Nikamwambia ulivyo. Akakata simu.

Fenda ya pili ilikaa. Boliti ziliingia zote, isipokuwa moja iliyobembelezwa kwa tupa. Tulipoanza kukwangua ile ya zamani kwa msasa ili tupate rangi ya kufananisha, juu ilitoka chai ya maziwa, chini yake kijivu, na chini kabisa buluu iliyopauka ambayo hakuna aliyewahi kuisema. Nikamtumia kaka picha. Akajibu kwamba ndivyo alivyokuwa anasema siku zote. Tulipiga chai ya maziwa, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimesimama pale.

Jumamosi asubuhi nililiendesha mwenyewe hadi Ruhuwiko, fundi kando yangu akisikilizia kila mlio. Mama alikuwa tayari. Alikuwa amevaa vitenge vyake vya misa ya sikukuu, mabunda yake yamefungwa mlangoni, sufuria zimepangwa moja ndani ya nyingine. Alilizunguka gari. Aliipapasa fenda mpya kwa kiganja, kutoka kwenye taa hadi mlangoni, akasema ni laini mno. Lakini alisema kama mtu anayekubali. Nilikaribia kulia kwa furaha, nikajizuia, nikashika bunda la kwanza nikalipakia nyuma.

Hapo lori la mahindi likasimama barabarani, na mtani akashuka. Kichwani alikuwa na fenda.

Ilikuwa nyeusi kwa masizi, na harufu ya tumbaku ya moshi ilitufikia kabla yake. Kwa hiyo ilikuwa ndani ya bani siku zote, juu kabisa ya kichwa changu nilipokuwa napapasa chini. Aliishusha uani, mbele ya mama. Fundi aliinama haraka akaigeuza, macho yakimwaka, akasema, "Dada, ndiyo yenyewe. Haina hata kutu, moshi umeitunza." Kitundu cha taa ndogo hakikuwepo. Nilikuwa sahihi, na sikupata hata nafasi ya kufurahi, kwa sababu nilimwona mama. Uso wake ulikuwa umebadilika kama mtu aliyepigiwa simu ya usiku. Hakumsalimu mtani. Alikwenda kwenye gari, akalishusha bunda lake mwenyewe, akaingia nalo ndani, na tukasikia komeo.

Nilimfuata nikagonga. "Mama, si imepatikana? Gari ni zima sasa, zima kabisa."

"Sihami," alisema kwa ndani. "Mwambie Mhehe aniache."

Nilimgeukia mtani kwa hasira zote nilizokuwa nimeziweka akiba tangu Namtumbo. Nikamwambia alikataa kuitoa ilipotakiwa, na sasa ameileta isipotakiwa, na kama huu ni utani basi hauchekeshi. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya baraza, kofia mkononi. Alinisubiri nimalize. Sikuwahi kumwona mtu yule bila utani usoni, na niliogopa kidogo.

"Mwanangu, kaa," alisema. Hakuniita mtumwa. "Fenda hii nimeileta hapa kila mavuno yakiisha. Mama yako ananirudisha nayo. Aliniambia, mtani, siku ukiirudisha hiyo ndiyo tumeanua matanga. Na mimi, akasema, sijamaliza kulia. Kaa nayo."

"Na kuku, na uongo wote ule?"

"Alinipigia simu ulipokuwa unakuja. Akasema, limeniponyoka, danganya unavyoweza. Kudanganya ninaweza." Alitazama kofia yake. "Lakini ulipopiga juzi ukasema habari ya ukuta, nikahofia atalikataa bati lenu, nikaona niilete hii kwa nguvu. Bora anichukie kuliko aangukiwe."

Nilikaa kwenye ngazi karibu naye. Sharti lile la gari zima, basi, mama alilitoa akijua haliwezekani, maana kipande kilichokosekana alikificha yeye mwenyewe. Nilikasirika. Kisha nikamwonea uchungu, mama huyu ambaye tangu tumzike baba hakuwahi kulia mbele yetu, ambaye alituchekesha na kutugombeza mpaka tukadhani ameshapoa. Kisha nikachanganyikiwa tena, kwa sababu kitu kimoja hakikuingia. Kama hakutaka gari liwe zima, kwa nini asubuhi ile alikuwa amefunga mabunda? Alikuwa tayari kupanda. Aliipapasa fenda akairidhia. Alivunjika pale tu alipoiona ile ya kweli.

Nadhani nilikaa sana, maana fundi alianza kuokota spana zake na kuniuliza kwa upole kama afungue ile mpya na kufunga ya zamani. Ndipo nikakumbuka sauti ya mama akiniuliza: lakini si ile. Hakuwa anasikitika. Alikuwa anahakikisha.

"Usifungue kitu," nilimwambia fundi. Nikasimama, nikainyanyua ile fenda ya masizi, nikaipeleka kwa mtani. "Beba urudi nayo kwenye bani. Hatujaikomboa. Kuku wote wawili walikuwa wa salamu."

Mtani alinitazama, akamtazama fundi, akavaa kofia. Akajitwika fenda yake. Nikaenda mlangoni, nikazungumza na komeo.

"Mama, anaondoka nayo. Iliyoko kwenye gari ni ya kinu cha Msamala. Ni ya bandia, mama. Baba bado ana kipande chake kwa watani."

Yalianza manyunyu, si mvua bado. Nilikuwa naogopa, nasema ukweli, niliogopa kwamba nitashinda pale mlangoni mpaka ukuta uamue wenyewe. Kisha komeo likasogea. Mama akatoka na bunda lake, macho mekundu, akanipa nilipakie, akapanda mbele mwenyewe, akavuta mlango mpaka ukajifunga.

Nilipowasha gari mtani alikuwa amefika barabarani, fenda kichwani ikimkinga na manyunyu. Mama akateremsha kioo.

"We Mhehe, usithubutu kuirudisha hiyo mpaka nife."

"Ukifa," alisema mtani, "nitakuja kuchukua na ya pili."

Mama alicheka mpaka akashika tumbo, kisha kicheko kikageuka, akainama akalia kwa sauti, mbele yangu, mbele ya fundi aliyekuwa nyuma na sufuria, na mimi sikumnyamazisha. Tulipokaribia Msamala akajipangusa uso kwa ncha ya kitenge, akaniambia niache kuendesha kama nabeba mayai.